Ncha za Nywele Alizozipaka Mama

Nakumbuka Jumamosi moja ya kiangazi, hapa hapa Likasi, katika ile miezi ambayo upepo wa asubuhi hupasua midomo na vumbi jekundu huingia hadi kwenye sukari. Nilikuwa msichana mkubwa, miguu yangu imeshatosha viatu vya mama yangu. Nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, nikilia kwa sababu ya kichana kilichovunjika. Jino lake moja lilikuwa bado limenasa kwenye nywele zangu. Hapo ndipo mama mkubwa, dada wa marehemu mama yangu, aliponikuta.

Mwanangu Grasia, wewe ni mtoto wa binti yangu, na desturi ingetaka nikuite mjukuu. Lakini tangu tulipomzika mama yako, neno mwanangu halina wa kuliitikia ila wewe, basi nivumilie. Baba yako alipita kwangu Jumapili baada ya ibada. Aliniambia nywele zako zimekauka ncha, zimetimka, zinakatika, na hutaki mtu azipunguze wala azishike. Wanawake wa kikundi chake cha maombi wanataka kuja kukuwekea mikono. Sala ni njema, sisemi kitu, lakini sijaona bado sala iliyoshika mkasi. Yeye maskini hajui kwa nini hutaki. Mimi najua, ingawa hukuniambia.

Nywele zetu hizi za mawimbi zilitoka kwa babu yangu, baba wa mama, Mgiriki aliyekuwa na duka la vitambaa mjini. Sura yake siikumbuki. Alituachia nywele, na pua hii ambayo mama yako aliilalamikia hadi alipoolewa. Ni nywele kaidi. Msusi akizifunga kwa uzi, zinateleza. Ukiziacha wazi, zinakunywa vumbi. Mama yangu alikuwa na dawa yake. Kila Jumamosi, baba akiwa kazini kiwandani, aliniketisha chini uani katikati ya magoti yake, akanipaka mafuta meusi ya mbegu za mchikichi, yale yenye harufu ya moshi. Nikitikisa kichwa, alinigonga bega kwa mgongo wa kichana. Akifika shingoni alipuliza kwanza, puu, ndipo azigawanye nywele. Na muda wote aliimba kwa puani wimbo wa kanisani, mstari mmoja tu, kwa kuwa mingine hakuijua. Nilizichukia zile Jumamosi, mwanangu. Wenzangu walikuwa wanaruka kamba barabarani, na mimi nimebanwa magotini kama mbuzi wa sokoni.

Mama alikufa mvua zilipoanza, kwa homa iliyokwenda mbio kuliko sisi. Matanga yalipokwisha, wanawake wa ukoo wa baba walikuja na wembe kuwanyoa watoto wa nyumba, ndivyo ilivyokuwa. Nilijifungia chumbani, nimefunga kichwa kwa kitambaa cha mama. Baba alisimama mlangoni akawaomba waniache. Alidhani naona haya kutembea na kipara, nami sikumweleza zaidi. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimewaza jambo langu la kitoto. Nywele huota kutoka kichwani, kwa hiyo zile za chini ndizo za zamani, ndizo alizozishika mama. Hizi mpya za shinani hazikumjua. Nikaapa kwamba mkasi hautafika kule chini.

Basi nikazifuga. Zikapita mabega, zikashuka mgongoni, na mtaani wakawa wananisifia kutoka mbali. Kwa karibu ilikuwa habari nyingine. Juu zilikuwa laini na mawimbi yake yanapendeza. Chini zilikuwa kavu, kila uzi una njia yake, rangi imepauka kama pazia lililosahauliwa juani. Nilizimwagia mafuta juu ya ukavu ule ule, na mafuta yakaita vumbi lote la malori. Nilichana kwa hasira kutoka juu kushuka, mafundo yakasukumana hadi chini, halafu nikavuta. Mficha maradhi kifo humuumbua. Nilizificha ndani ya kitambaa, lakini kila asubuhi mabega ya blauzi yangu yalikuwa yamejaa vipande vifupi vifupi, nami navikung'uta bila kuvitazama.

Mama mkubwa aliitwa Agata. Alikaa Mwadingusha, ambako mume wake alifanya kazi kwenye bwawa, na siku ile alikuja na lori la samaki bila kutuma habari. Aliingia uani kikapu kichwani, akasimama, akanitazama mimi na kile kichana.

"Yoo! Mutoto wa ndugu yangu, hii ni nywele ao ni fagio?"

Nilicheka huku nalia. Alitua kikapu, akazishika ncha kwa vidole viwili, akazisugua kama mtu anayepima kitambaa dukani. Kisha akaniambia nimletee mkasi wa kushonea wa mama. Niliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto.

"Apana, mama! Hii ya chini yote, ni mama njo alipakalaka mafuta. Mukikata, munamukata yeye."

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuyasema kwa sauti, na nilitegemea anikumbatie. Lakini Mama Agata hakuwa mtu wa kukumbatia upesi. Uso wake ulibadilika, maana marehemu alikuwa mdogo wake, mtoto aliyembeba mgongoni. Alikwenda kwenye kona ambako nilikuwa nimesukumia takataka za asubuhi, akachuchumaa, akaanza kuchambua kwa vidole kama anayechambua mchele. Akarudi na mkono wazi. Juu ya kiganja, katikati ya vumbi na maganda ya karanga, kulikuwa na vipande vya nywele zangu.

"Angaria," akasema. "Weye unasema unachunga mama yako. Na kila asubui unamufagia, unamutupa inje na vumbi. Minye ninataka kumukata mara moya, na heshima. Nani anamupenda zaidi?"

Mwanangu, nimeonja fimbo ya baba na ya masista wa shule, lakini hakuna iliyonifikia kama kile kiganja. Bandu bandu huisha gogo. Nilijiona mlinzi, kumbe nilikuwa mwizi wa mali yangu mwenyewe. Nikalia kile kilio ambacho siku ya mazishi kilikataa kutoka, na yeye akaniacha nilie mpaka nikachoka. Halafu akaingia jikoni kutafuta maji ya uvuguvugu, na kutoka huko ndani akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Weye unapikaka bukari namna gani? Unatanguliza bunga ao mayi?"

"Mayi," nikajibu. Nani asiyejua kwamba ugali huanza na maji?

"Sasa juu ya nini kwa nywele unatanguliza mafuta?"

Akazilowesha ncha, akazikamua kwa kitambaa laini bila kuzisugua. Mafuta aliyaweka kidogo tu kiganjani, akayapasha joto kwa kusugua mikono, akaanza kuyapaka kutoka chini kabisa. Mafundo aliyafungua kwa vidole, ameshika nywele juu ya fundo ili kichwa kisisikie. Kichana kilifuata baadaye, nacho pia kilianzia chini. Nikatikisa kichwa, akanigonga bega kwa mgongo wa kichana. Nikatulia. Alipofika shingoni akapuliza, puu. Kisha akaanza kuimba kwa puani, mstari ule ule mmoja.

Niligeuka nikamtazama. "Mama, ni nani alikufundishaka vile?"

"Mama yetu. Alitufanyaka vile vile siye bote bawili, minye na mama yako. Geuka, weye."

Nikageuka na kufumba macho. Mikono niliyokuwa nikiitafuta kwenye ncha kavu ilikuwa nyuma yangu, ina joto, inafanya kazi. Nikamwambia achukue mkasi.

Hakukata nyingi. Alikata upana wa vidole viwili, pale palipopasuka, kwa sababu usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa nywele hupanda juu kimya kimya mpaka ukate kila kitu. Vile vipande tulivifunga ndani ya pindo la kitambaa cha mama, tukavizika kwenye tuta la maboga alilolilima marehemu mwenyewe. Jirani alichungulia juu ya ua akauliza tunapanda nini. "Maboga, mama, maboga," akajibu Mama Agata bila kupepesa jicho. Tulicheka hadi tukakaa chini, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka hivyo tangu msiba.

Nywele ziliota, mwanangu. Ziliota vizuri kuliko nilivyostahili, zikafika pale ambapo ukaidi wangu haukuwahi kuzifikisha. Na mama yako alipozaliwa nazo, nilimketisha kila Jumamosi katikati ya magoti haya haya. Naye alizichukia Jumamosi. Naye alitikisa kichwa, nikamgonga bega. Halafu akakuzaa wewe, na siku moja nilikuja kwenu nikamkuta amekubana magotini uani. Nikamwona kwa macho yangu akikupuliza shingoni. Nilirudi nyuma ya ukuta nikajifuta machozi kabla sijabisha hodi.

Basi sikia, Grasia. Maji kwanza, mafuta baadaye, na mafuta yawe kidogo, yaende kwenye ncha, maana ngozi ya kichwa ina mafuta yake na ncha ziko mbali na nyumbani. Chana kutoka chini kupanda juu, nywele zikiwa na unyevu, wala usishindane na fundo. Usiku zifunge kwa kitambaa kinachoteleza, kwa sababu mto wa pamba hunywa kila ulichopaka. Ukipita barabara ya Kamatanda malori yanapofukuzana, zisuke na uzifunike. Kile chuma cha moto cha kunyoosha alichonitajia baba yako, kirudishe kwa rafiki yako aliyekuazima. Ncha zilizokauka ukizichoma unazimaliza. Na kila zinapoanza kupasuka, punguza kidogo, hata kama roho inauma. Anayekuza nywele bila kukata ncha anazifupisha kwa mikono yake.

La mwisho ndilo kubwa. Usimweke mama yako mahali anapokatika kila siku. Ni kweli alizishika ncha hizo, nami nazipenda kwa sababu hiyo kama unavyozipenda wewe. Lakini mikono yake haikuanzia kwake wala haikuishia kwake. Ilipita kwangu kabla ya kufika kwake, na sasa inakungoja wewe uipokee.

Njoo kwangu Jumamosi hii. Mkasi nimeunoa, na mafuta yale yenye harufu ya moshi nimeyapata sokoni kwa tabu, kwa hiyo usiniambie una kazi. Tutavizika vipande pamoja, mahali utakapochagua. Macho yangu yamechoka, lakini vidole vinajua njia. Nitakapofika shingoni nitapuliza, na nikichelewa kuendelea usigeuke upesi. Niache kidogo, maana hapo na mimi nitakuwa na binti yangu.

Mungu akulaze na kichwa chepesi, mwanangu, akuamshe na mabega safi. Akulindie kila unywele unaoota bila mama yako kuuona. Na akupe maisha marefu, mpaka nawe uwe na magoti yanayombana mtoto mkorofi siku ya Jumamosi, anayetikisa kichwa na kutamani kwenda kucheza.