Nalipwa Kulinda Mihogo Inayoumwa, Sasa ya Mama Anayenilisha Imeanza Kujikunja

Admin, ukiweka hii usitaje jina langu wala kijiji, maana huku wenye kazi kama yangu hatuzidi wawili.

Mimi ni mwanaume wa miaka 41, kwetu Kasulu, shule niliishia darasa la tano. Nilikuja Mara kuchimba dhahabu Butiama, nikaambulia kifua kibovu. Sasa ni kibarua Bunda, upande wa Guta, kwenye shamba la watafiti wa magonjwa ya mihogo. Mke na watoto wako Kasulu, wanakula kwa kibarua hiki.

Kazi yenyewe watu hawaielewi. Katikati ya shamba kuna mistari ya mihogo yenye batobato, ule ugonjwa wa majani kujikunja na kuwa na mabaka ya njano. Ilipandwa hivyo makusudi. Pembeni yake kuna mbegu mpya, ili inzi weupe watoe ugonjwa huku wapeleke kule, ionekane mbegu ipi itastahimili. Mimi napalilia, nafukuza mbuzi, na nimekatazwa kabisa kung'oa inayoumwa. Vijana wa bodaboda wakipita wanaita, "Nesi, wagonjwa wameamkaje?" Mwanzoni nilikuwa nacheka.

Jirani na shamba kuna mama mjane. Tangu nifike ndiye ananipa chakula, ugali wa udaga, ule unga wa mihogo iliyovundikwa, na furu, visamaki vya ziwani, wala hajawahi kunidai. Tulipopanda, upande wake ulikuwa pori. Baadaye maji ya ziwa yakameza shamba lake la chini, akaja kulima hapo. Mihogo hiyo ndiyo chakula chake na wajukuu.

Mwezi uliopita aliniita. Majani ya mstari wake wa kwanza yalikuwa yamejikunja.

"Mwanangu, hawa si wagonjwa wako wamehamia kwangu?"

Nikampigia dada mtafiti, yuko Musoma mjini. Si mtu mbaya. Akasema, "Kaka, inawezekana ugonjwa umetoka kwetu, inawezekana mbegu aliyopanda ilikuwa nao tayari. Mwambie ang'oe iliyojikunja. Ila yetu ukiing'oa sasa, kazi yote imekufa. Mbegu nzuri ikipatikana, yeye atakuwa wa kwanza kupewa."

Nikamfikishia mama. Akasema, "Na mpaka hiyo mbegu ije, wajukuu nawapikia nini? Utafiti?"

Aling'oa mstari wa kwanza, kisha wa pili. Wiki hii umeanza wa tatu. Jana alileta chakula kama kawaida, akakaa mpaka nikamaliza kula, ndipo akasema kwa upole. Wao ni Wasabato.

"Tangu ufike hujasali. Jumamosi nenda kanisani na wajukuu wangu. Mimi nitabaki. Hutaona kitu, na hutakuwa umemdanganya mtu."

Jembe lake ameliacha limeegemea kibanda changu.

Nikienda, ataing'oa yetu inayoumwa, nafukuzwa, na Kasulu hawali. Na zile mbegu ambazo pengine zingemsaidia yeye mwenyewe zinapotea. Nikibaki, nitasimama mbele ya mama anayenilisha na kumzuia kwa fimbo ya kufukuzia mbuzi. Nimewaza mpaka kichwa kinauma, sioni njia.

Kesho ndiyo Jumamosi. Wajukuu wameshapita kuniuliza kama nina shati safi. Ninalo, limeanikwa hapo nje. Nishaurini ndugu zangu, nilivae?