Mkwe Aliyevua Nguo Kwenye Theluji ya Taebaek

Mwaka juzi, mwezi wa kwanza, nilimkuta mzee wa miaka sitini na mbili anavua nguo juu ya mlima Taebaek, huku kwetu Korea.

Baridi ilikuwa nyuzi hasi kumi na nane. Upepo unakata masikio. Yeye jaketi ameshatupa, sweta ameshatupa, anahangaika na zipu ya suruali huku anasema anaungua.

Mzee huyo ni baba wa kijana aliyetaka kumuoa binti yangu.

Niwasimulie ilivyokuwa, maana najua wapo wengine kama yeye wanajiandaa kuja huku.

Mimi shule niliiacha njiani nikaingia mgodini kuchimba makaa. Mgodi ulipofungwa nikafungua kibanda chini ya mlima, nakodisha vyuma vya kufunga chini ya viatu ili watu wasiteleze. Zaidi ya miaka ishirini nawaona watu wa Seoul wakishuka kwenye mabasi. Mlima wa saa mbili tu, mtu kavaa kama anakwenda mwisho wa dunia. Fimbo mbili, miwani ya njano, mkoba unaning'inia kamba ambazo hata mwenyewe hajui za nini.

Nawadharau. Sifichi.

Sasa huyu Bwana Namgung alikuwa mkurugenzi mstaafu, na ni mwenyekiti wa chama cha wapanda milima cha mtaani kwao. Aliomba tupande pamoja, wazee wawili, tuongee mambo ya watoto. Wiki moja kabla akanitumia ujumbe: "Baba Eunsol, hii ni orodha ya vitu vya kuvaa na kubeba. Tafadhali usisahau kitu."

Vitu ishirini na tatu.

Mimi. Ananiandikia mimi orodha ya theluji. Namba nne ilikuwa "glavu".

Nikamwonyesha Eunsol, binti yangu.

"Baba, vumilia siku moja tu," akasema. "Nampenda Gyu."

"Nitavumilia."

"Na usimcheke baba yake."

"Hilo siahidi."

Siku ikafika. Mzee akashuka kwenye gari na jaketi la manyoya ya bata, limetuna kama godoro.

"Mzee, hilo liweke kwenye mkoba kwanza," nikamwambia. "Kupanda kunatoa jasho. Utalivaa tukisimama."

"Baba Eunsol, jaketi hili limetengenezwa kwa milima mirefu kuliko yote duniani."

"Basi lisubiri mlima wake. Huu ni mfupi."

Hakucheka. Akapandisha zipu hadi kidevuni. Nembo lazima ionekane.

Mimi nilivaa shati la sufu mwilini na koti jepesi la kuzuia upepo. Mkoba wangu mdogo: shati jingine la sufu, kavu, ndani ya mfuko wa plastiki. Glavu za akiba. Kisu. Kipande cha sponji cha kukalia. Chupa ya chai ya tangawizi, sukari nyingi.

Akaukodolea macho kama mkoba wa ombaomba. "Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu."

Nusu saa baadaye uso wake ulikuwa unatoa mvuke kama sufuria ya wali. Nikamwambia tena avue. Akaniambia nitunze pumzi yangu.

Kileleni akapiga picha muda mrefu, kwenye upepo, mgongo umelowa. Kisha akatoa pombe ya mchele, maana kwa watu wa vyama kama hujanywa kileleni hujafika. Akanimiminia kwa mikono miwili, kwa adabu zote, utadhani mimi ndiye mkubwa.

Ndipo akasema.

"Baba Eunsol, binti yako ni mzuri. Lakini familia zetu hazilingani. Naomba harusi tuiache."

Nikamwaga kikombe kwenye theluji. Nikageuka, nikashuka, nikamwacha na fimbo zake.

Mlimani humwachi mwenzako. Nalijua hilo kuliko mtu yeyote pale, na nilimwacha makusudi. Nikasema moyoni, hiyo orodha imshushe.

Baada ya dakika ishirini nikageuka. Hayupo.

Nikasubiri. Hayupo.

Nikajaribu kuwaza nitamwambia nini Eunsol. Nikapanda tena, mbio.

Ndiyo nikamkuta anavua nguo.

Nikadhani ni pombe. Nikamshika mkono: mgumu kama ubao, na hatetemeki hata kidogo. Mtu aliyeganda akiacha kutetemeka, akaanza kusema anaungua, huyo anakwenda. Niliwahi kumshusha mmoja wa hivyo. Chini hakufika hai.

Suruali ikashuka. Ndani amevaa nguo nyekundu, shati na suruali ndefu ya ndani. Zimepauka, viwiko vina viraka. Zimelowa jasho na zimeanza kushika barafu.

Pamba. Mwenyekiti mzima wa chama, na mwilini kavaa pamba, inayonywa jasho isikauke.

Kwetu kila mzazi anazijua nguo hizo. Mtoto akipata mshahara wa kwanza, ndizo anazowanunulia baba na mama.

Nikaanza kumvua shati. Mtu aliyekuwa ametupa kila kitu, hilo akalikumbatia.

"Hili hapana. La Gyu."

"Mzee, hili ndilo linakuua."

"La Gyu."

Nikalichana kwa kisu, na suruali yake pia. Nikamvalisha shati langu kavu, nikamrudishia sweta, suruali na jaketi lake, nikamkalisha kwenye sponji, nikamnywesha chai kidogo kidogo. Nikapiga simu ya uokoaji, kisha nikamkumbatia kifua kwa kifua. Walifika baada ya saa nzima.

Siku ya pili hospitalini aliweza kukaa. Gyu alikuwa ameshika miguu ya baba yake. Eunsol anamenya chungwa. Mimi maneno yangu nilikuwa nimeshayapanga.

"Mzee, mtu mwenye akili anavaaje pamba kwenye theluji?"

"Mwanangu alininunulia," akasema. "Miaka sita sijapanda mlima bila hizo." Akavuta blanketi. "Kwani wewe Eunsol hakukununulia?"

"Alininunulia."

"Ziko wapi?"

Nikaomba kipande cha chungwa.

Eunsol akajibu yeye, bila kuinua kichwa kwenye chungwa lake. "Zipo kibandani, mzee. Anafutia vyuma vya wateja. Mguu mmoja wa suruali ulishaisha, akautupa."

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Tangu mwaka ule ule niliokununulia, baba."

Hakukasirika. Angekasirika ningepona.

Bwana Namgung akanitazama kwa dharau ya wazi kabisa, akiwa pale pale kitandani, midomo imepasuka kwa baridi. Kisha akamgeukia binti yangu.

"Mwanangu, harusi ipo. Wewe unahitaji baba."

Walioana mwezi wa tano. Eunsol anamwita yule mzee baba, na anampigia simu kila Jumapili. Mimi ananipigia akiwa na shida na gari.

Kwa hiyo wewe unayekuja kwenye theluji: pamba usiivae mwilini, jaketi nene lisubiri mpaka usimame, na nguo kavu ifunge kwenye plastiki. Hayo ni rahisi, hata mpumbavu anayaweza.

Na mwanao akikuletea nguo isiyofaa mlimani, ivae nyumbani, akuone.