Deleva Wamepotea

Stashahada yangu imetundikwa ukutani, mkabala na kitanda, katika chumba ninachopanga Remera, Kigali. Niliipata Dar es Salaam kwa jasho langu, nikitengeneza simu mchana na kusoma jioni. Wazazi wangu, wakimbizi waliozeekea Karagwe, hawakuchangia hata kalamu, kwa sababu hawakuwa nayo. Nilirudi Rwanda, ingawa sikuwa nimewahi kuishi huku, nikiwa na begi moja, na kabla ya mwaka kwisha nilikuwa msimamizi wa kompyuta wa kampuni ya malori. Wapo waliosoma Ulaya ambao hawajafika hapo.

Kinyarwanda changu ni cha mama, cha watu walioondoka zamani. Nikikiongea ofisini, wenzangu hutabasamu kana kwamba wamemsikia bibi yao. Kwa hiyo niliongea kidogo. Mchana nilijaza sahani kama wengine, nikakaa meza ya dirishani, nikahesabu pikipiki. Kiswahili changu ndicho hakikuwa na mpinzani, na hilo nalisema bila haya.

Kampuni ina ofisi mbili, Remera na Muhima, kila moja na seva yake ya barua pepe. Seva hizo hutegemea orodha ya wafanyakazi: jina, cheo, picha. Ukibadilisha neno moja upande huu, taarifa nzima ya mtu huyo hunakiliwa upande wa pili, pamoja na picha yake. Vyeo viliandikwa kwa Kiswahili kwa ajili ya madereva waendao Dar.

Mwaka jana laini ya mtandao kati ya ofisi hizo ilianza kuelemewa. Barua ya asubuhi ikawa inafika mchana. Bosi akaniita.

"Ijumaa," alisema. "Isipopona naleta kampuni ya nje. Wakija hao, sijui wewe utabaki ukifanya nini."

"Bosi, hii naimaliza kesho."

"Hata printa ulisema hivyo."

Nilianza na mipangilio ya orodha. Nilifanya seva zinakiliane kila baada ya saa moja badala ya kila dakika tano. Mizigo ya data ikaja kwa nadra, lakini ikaja mikubwa. Alhamisi asubuhi nikafungua kumbukumbu ya mabadiliko, jambo ambalo ningepaswa kulifanya mwanzo. Madereva wote walikuwa wakibadilishwa cheo kutwa. Muhima wanaandikwa "Deleva", Remera wanaandikwa "Dereva", Muhima "Deleva" tena. Ilikuwa hivyo kwa miezi minane.

Remera ni mimi. Mwezi wangu wa kwanza niliandika programu ndogo ya kusahihisha r na l katika orodha, kila saa. Hakuna aliyeniomba.

Wa Muhima alikuwa katibu, mama wa makamo aliyekulia Bujumbura, ambaye sikuwa nimewahi kumwona. Nikakumbuka barua zake. "Deleva wamepotea tena. Saidia." Nilidhani ni mzaha. Ya kwanza nilimjibu kwa maneno mawili: "Ni dereva." Zilizofuata sikuzijibu.

Nilipanda moto, yaani pikipiki ya abiria, hadi Muhima.

"Ni wewe fundi wa Remera?" alisema. "Nilizani ni mzee. Unajibu kama mzee."

"Mama, kwa nini unabadilisha vyeo vya madereva?"

"Mimi narudisha tu. Baluwa yangu inaenda kwa kila mtu ameandikwa deleva. Nafika asubuhi, hakuna hata mmoja. Narudisha. Nakunywa chai, wamepotea tena. Mmoja alilala mpakani siku mbili, hakupata baluwa ya kumwambia kalatasi gani abebe."

"Ni programu yangu. Inasahihisha."

"Inasahihisha nini?"

Nilimwonyesha herufi kwenye kompyuta yake. "Ile l."

Alinitazama, kisha akacheka mpaka akashika meza. "Kumbe miezi yote iko nagombana na wewe. Hata bwana yangu hatujagombana hivi."

Nilicheka naye, lakini njiani kurudi, nyuma ya pikipiki, sikucheka. Hakuna mtu Kigali aliyekuwa amenijibu mara nyingi kama yule mama, na mimi sikujua kwamba ananijibu.

Ijumaa niliifuta programu, nikapanga seva zipeleke neno lililobadilika tu, bila picha. Laini ikapumua. Bosi akauliza ugonjwa ulikuwa nini. Ningeweza kumtajia mambo ya kitaalamu asiyoyaelewa, na nayajua mengi.

"Ni programu niliyoiandika mimi."

"Iliharibika?"

"Hapana. Ilifanya kazi vizuri mno."

"Basi usiandike nyingine kabla hujaniuliza." Nikabaki kazini.

Wiki iliyofuata nilifungua kumbukumbu ya mabadiliko kila asubuhi. Ilikuwa tupu. Ndicho nilichokitaka, lakini niliendelea kuifungua.

Siku moja, nikiwa meza ya dirishani, simu iliita mlio wa barua. "Deleva wote, kesho mpakani Rusumo mvua ni nyingi, tokeni mapema, msisahau kula." Nikadhani ni makosa. Nikatazama orodha. Mbele ya jina langu cheo cha Msimamizi wa Kompyuta kilikuwa kimeondolewa, kutoka Muhima, na mahali pake pameandikwa Deleva.

Kukirudisha ni kazi ya sekunde moja, na ruhusa ninayo. Nilikiacha. Bado kipo hivyo, na barua ya kesho naisubiri kuanzia saa tatu asubuhi.