Saa Moja ya Barabara ya Kasindi

Wanafunzi waliopita mikononi mwa Mwalimu Muyisa wa Kimemi, mtaa wa Butembo, Mungu amlaze pema, wanamkumbuka kwa neno moja: "Kabla ya kuchora, sema kwanza mistari yako inapima nini." Alilisema akigonga ubao, vumbi la chaki likimwangukia kwenye koti la kahawia alilolivaa hata siku za jua. Kwake kila kilichobadilika kilikuwa na grafu: maji yanayojaa pipa chini ya bati, joto la tanuru la matofali, homa ya mtoto. Zaidi ya zote alipenda fonction za vipande, grafu zilizoungwa kwa sehemu. Gari linapanda, aliwaambia watoto, linasimama kwenye kizuizi, linateremka. Safari ni moja, lakini kila kipande kina sheria yake. Na kila dakika ina mahali pamoja tu, kwa sababu mtu hawezi kuwa Beni na Bulongo kwa dakika ileile.

Mkewe, Kaswera, alikwenda Kasindi, mpakani na Uganda, mara mbili kwa mwezi kununua samaki wa chumvi. Alipanda gari la Bilali, msafirishaji wa Beni, Mwislamu mwenye kofia safi na sauti nzito, ambaye watu walisema angeweza kumchekesha hata askari wa kizuizini. Kaswera alirudi na samaki, na alirudi na maneno ya Bilali. Bilali alisema hivi, Bilali aliwajibu vile. Siku moja mezani Muyisa alihesabu: jina la Bilali mara nne. Lake mwenyewe halikutajwa hata mara moja. Yeye aliitwa Papa Rébecca, kama siku zote, kwa jina la binti yao.

Wivu ulianza hapo, na ulikaa. Kwenye shirika la kanisa la mtaa alisali rozari pamoja na majirani, lakini kufika fumbo la tatu akili yake ilikuwa tayari kwenye kiti cha mbele cha gari lile. Alinusa kitenge cha mkewe kabla hakijafuliwa. Kilinuka samaki, na hata hilo halikumtuliza.

Basi akatumia kazi yake.

"Mama Rébecca, unisaidie," alimwambia siku moja kabla ya safari. "Niko na leçon ya fonction. Kila fasi mutafika, uniandikie saa."

"Saa tu?"

"Saa tu. Vile telefone inaonyesha."

"Na Bilali, nimuandike naye?" Kaswera akacheka.

Muyisa hakucheka. Kaswera alimtazama kidogo, kisha akachukua kalamu na karatasi iliyokunjwa, akavitia kwenye mkoba.

Aliporudi aliweka karatasi mezani kabla hata ya kuvua viatu. Butembo 6:30. Beni 8:30. Kuondoka Beni, baada ya kungoja msafara wa magari ukusanyike na askari wake, 9:30. Kufika Kasindi 13:30.

Muyisa alijifungia chumbani na rula. Kipande cha kwanza kilipanda vizuri. Cha pili kililala, kwa sababu pale Beni gari lilikuwa limesimama. Cha tatu akakipima mara mbili. Saa nne kutoka Beni hadi Kasindi! Paulin, mwalimu mwenzake, alikuwa amepita njia hiyo wiki ileile, akatumia saa tatu kwa saa yake ya mkononi. Saa moja ilikuwa wapi? Akaitafuta kwenye ramani ya kichwa chake, akaikuta Bulongo, mji mdogo wa njiani, ambako Bilali alikuwa na dada yake aliyeolewa, na dada yake alikuwa na nyumba. Akachukua kalamu nyekundu, akachora pale Bulongo kipande kilicholala, saa nzima, ambacho hakikuandikwa mahali popote kwenye karatasi ya mkewe. Alikitunga mwenyewe. Na kadiri alivyokitazama ndivyo kilivyozidi kuwa kweli, mpaka akaona pazia la dirisha na jozi mbili za viatu mlangoni.

Hakumuuliza mkewe. Aliita wazee.

Jumapili baada ya misa wakaketi sebuleni: Gamaliel, kaka yake mkubwa, aliyekuwa amepanda Butembo kwa ubatizo wa mjukuu, na Jean-de-Dieu, kaka yake Kaswera, mtu wa shamba asiye na haraka ya kusema. Gamaliel alikuwa transiteri wa Kasindi, wa kutoa mizigo forodhani, na alivaa saa mbili, moja kila mkono. Familia nzima ilimcheka kwa ajili hiyo. Muyisa ndiye aliyeanzisha kumwita Papa Mikono Miwili.

Kaswera aliwamiminia chai, akaketi karibu na mlango. Alikuwa ameelewa. Uso wake ulikuwa umefungwa kama duka siku ya salongo, ile ya usafi wa lazima.

Muyisa alibandika grafu ukutani, chini ya picha ya Bikira Maria, akaeleza. "Bayaya, wakubwa wangu, siko nasema mubaya juu ya mutu. Hesabu njo inasema. Saa moja, Bulongo. Sheria ya ndoa munaijua. Kama ni vile, Mama Rébecca arudi kwabo."

Nje kuku alikuwa akiparua majani makavu.

"Shemeki," Jean-de-Dieu akaanza polepole, "ile magari inaendaka na askari mbele na askari nyuma, hapana?"

"Ndiyo."

"Na mutu akisimama, banamuacha?"

"Hawawezi kumuacha."

"Donc magari makumi ine na basoda baliketi Bulongo saa nzima, banangojea bibi yako amalize?"

Gamaliel alicheka akaitema chai kikombeni. Muyisa alishikilia. "Saa iko pale imeandikwa! 13:30!"

"Ngoja kwanza." Gamaliel alisimama, akasogea ukutani, akaweka kidole kwenye namba ile ya mwisho. "Hii saa ni ya wapi?"

"Ya wapi namna gani? Ni ya telefone."

"Muyisa, mudogo wangu. Kasindi hatuulizake saa ni ngapi. Tunaulizaka: ya Kongo ao ya Uganda?" Akainua mikono yote miwili mbele ya uso wa mdogo wake. Wa kushoto ulionyesha 11:20. Wa kulia, 12:20. "Telefone ikifika Kasindi inakamata réseau ya ng'ambo. Saa inaruka. Iko 12:30 ya kwetu, yeye ikamuandikia 13:30."

Ndipo Kaswera aliposema, mara ya kwanza tangu waketi.

"Pindua karatasi."

Muyisa aliitoa mfukoni. Ilikuwa imekunjika mara nne kwa kushikwashikwa. Nyuma yake, kwa mwandiko uleule, palikuwa na safari ya kurudi, ambayo hakuwahi kuichora. Kuondoka Kasindi 15:00. Kufika Beni 17:00.

"Kwenda saa ine, kurudi saa mbili," Kaswera alisema. "Kurudi tuliruka na ndege, Papa Rébecca? Mbona kwa ile haukuita bazee?"

Muyisa aliitazama grafu, akaona kile ambacho angemkatia alama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza: mstari wa chini haukuwa na jina. Alikuwa ameweka saa za nchi mbili juu ya mstari mmoja, na pengo lililotokea akalijaza kwa moyo wake.

Jean-de-Dieu akataja faini: mbuzi. Muyisa akatoa mbuzi jike, mwenye mimba, akampeleka mwenyewe hadi kwa shemeji zake, akimvuta kwa kamba katikati ya Kimemi huku wanafunzi wake wakimsalimia. Kwa padri alikwenda pia, kuungama. Wivu haukufa siku hiyo. Kila Kaswera alipotaja jina lile, mkono wa Muyisa ulitafuta kalamu. Lakini hakuuliza tena saa, na kwa miaka Kaswera hakuandika.

Miaka sita baadaye, figo zilipomshinda, Muyisa alikufa kitandani Beni, ambako alikuwa amepelekwa kutibiwa. Gari lililomrudisha nyumbani lilikuwa la Bilali. Alikataa kulipwa, na safari nzima hakusema neno la kuchekesha. Kaswera aliketi nyuma, karibu na sanduku, karatasi juu ya goti na kalamu mkononi.

Karatasi hiyo iko mpaka leo ndani ya misale, kitabu cha misa cha marehemu. Juu kabisa Kaswera aliandika: saa ya Kongo. Beni 7:40. Kabasha 8:25. Maboya, tumesimama, askari bamesali, 9:00. Butembo 9:50. Nyumbani.