Hati ya Kwenda kwa Mama Mdogo

Nilikuwa na daftari la maneno makubwa. Nililianza nikiwa chuo cha ualimu, nikisikiliza taarifa ya habari redioni huku kalamu iko mkononi: mamlaka ya nchi, uhusiano wa kibalozi, vikwazo vya uchumi, kutofungamana na upande wowote, kusitisha mapigano. Kila neno nililiandikia maelezo kwa wino mwekundu. Ilikuwa miaka ile somo la siasa lilipobadilishwa jina likawa uraia, na sisi walimu wapya tulijiona kama wajumbe wa mkutano fulani mkubwa, ingawa tulikwenda kazini kwa miguu na chaki zilitugharimu mfukoni mwetu.

Nilipopangiwa kufundisha Tunduma, nyumbani kabisa, nikawa nayatumia maneno yale hata mahali yasipohitajika. Mama alipogombana na jirani kwa sababu ya mfereji wa maji machafu, niliwashauri watafute suluhu kwa njia ya mazungumzo. Jirani alinitazama tu, akaingia ndani kwake. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Alipenda kunisikia nikiongea hivyo, na alinisifia kwa wanawake wenzake sokoni bila kujua nilichosema.

Mama alikuwa muuza maharage. Mara mbili kwa wiki alijitwika beseni, akakata nyuma ya mashine ya kusaga, akapita katikati ya mahindi ya watu, na alipotokea upande wa pili alikuwa ameshafika Nakonde. Pale kwenye mahindi palikuwa na nguzo ya zege ya mpaka. Wanawake walitua mabeseni juu yake wakipumzika, na aliyekuwa na kanga mbichi aliianika hapohapo. Akimaliza kuuza, mama aliendelea mbele kwa mdogo wake, mama mdogo wangu, aliyeolewa huko kabla sijazaliwa. Walikuwa wawili tu waliobaki kwa mama yao. Walikula pamoja, wakasukana nywele, wakasengenya kwa Kinamwanga, kisha mama akarudi kwa njia ileile.

Siku moja, nadhani ilikuwa Jumatano, nilichora ramani ubaoni na kueleza mipaka ya nchi. Nikasema mtu anayepita njia za panya anadharau mamlaka ya nchi mbili kwa mkupuo. Msichana mmoja wa dawati la mbele akanyoosha mkono akaniuliza kwa adabu zote, mama yangu huwa anapita wapi. Darasa zima likacheka. Nilicheka nao, lakini iliniuma. Jioni nikamwambia mama kwamba kuanzia siku ile atapita njia halali au asipite kabisa. Alikuwa anapepeta maharage. Alisema sawa, akaendelea kupepeta.

Kesho yake mchana baba mdogo, mume wa mama mdogo, akaja kwa baiskeli. Hakukaa kwenye kiti tulichompa. Alisema hospitali wamemrudisha mgonjwa nyumbani, kifua kimembana, hali chakula, na anamtaja dada yake kila mara. Alikuwa amekuja kumchukua.

Mama alikwisha kujifunga kitenge chake cha safari na alikuwa anatafuta kandambili. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni.

"Mama, subiri kidogo," nikasema. "Tukatafute hati ya kuvukia mpaka kwanza."

Baba mdogo akasema watapita nyuma ya mashine tu, jua lingalipo watakuwa wamefika. Nikamjibu, Mungu anisamehe, kwamba yeye ni raia wa nchi nyingine na hawezi kunielekeza sheria za hapa. Mtu mzima yule, aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo. Nikasema mama wa mwalimu akikamatwa kwenye mahindi mimi nitaweka wapi uso wangu. Nilisema uso wangu. Nakumbuka vizuri, na natamani nisingekumbuka.

Mama alinitazama, akamtazama shemeji yake. Kisha akafungua kitenge, akakikunja.

"Mwalimu amesema," akamwambia. "Nitakuja kesho."

Ijumaa asubuhi nilimpeleka kwa mpiga picha. Mama hakuwahi kupigwa picha ndogo za hati. Alitaka kutabasamu, akaambiwa asitabasamu. Picha zingekuwa tayari Jumamosi. Tukaenda kwa mtendaji wa kata kuchukua barua ya utambulisho, tukaambiwa yuko kikaoni Vwawa, atarudi kesho. Jumamosi tukapata picha, na mchana tukapata barua, yenye mhuri. Hati yenyewe ingetolewa siku za kazi, maana yake Jumatatu. Njia nzima mama hakulalamika. Ila Jumapili, kanisani, alikaa pembeni kabisa ya benchi kama mtu aliyeambiwa gari linaondoka muda wowote, na wimbo ulipoanza hakuimba.

Jumatatu tulikuwa wa kwanza mlangoni pa ofisi ya uhamiaji. Nilikuwa nimevaa gauni la kazini na kalamu mbili mfukoni. Ofisa alikuwa mzee mwenye sauti ya taratibu. Alipokea barua, akazitazama picha, akamwuliza mama sababu ya safari.

"Mdogo wangu anaumwa, baba. Tangu Alhamisi naitwa."

Ofisa akaiweka kalamu chini. Akanitazama mimi, si mama.

"Mambo ya ugonjwa na msiba hatumsubirishi mtu," akasema. "Mngefika tu pale kwenye kizuizi cha mpakani Alhamisi, mkasema. Mngepita."

Katika daftari langu lote hapakuwa na neno la jambo hilo, kwamba serikali mbili zenye bendera na askari zilikuwa zimekwisha kuelewana kumpisha mama mwenye mgonjwa, na aliyemzuia alikuwa mwanawe wa kumzaa. Ofisa aliandika hati ile upesi, akampa mama kwa mikono miwili na kumwombea heri.

Tulipita barabarani, pale penye malori, mama ameishika hati mbele ya kifua ingawa hakuna aliyeiuliza. Tulipokaribia kwa mama mdogo tuliwaona wanaume wamekaa kwenye magogo nje ya nyumba, na moto katikati yao mchana kweupe. Mama alianza kulia pale njiani, akaingia uani akilia, na wanawake wakainuka kumpokea.

Walikuwa wamemzika jana yake. Alikufa Jumapili alfajiri, na kwa vile joto lilikuwa kali hawakuweza kumweka; kijana waliyemtuma kwetu alikuta tuko kanisani, akarudi. Wanawake walitusimulia, bila kukusudia kutuumiza, kwamba siku mbili za mwisho mgonjwa aliomba kitanda kisogezwe mlangoni ili aangalie njia ya mahindi. Kila kilichotikisika huko aliuliza kama ni dada. Baba mdogo alikuwa amemwambia anakuja kesho.

Mimi niliambiwa nikae karibu na mama. Nilikaa. Nilimwogopa mama yangu siku ile kuliko nilivyowahi kumwogopa mtu, na yeye alinishika mkono tu, akaendelea kulia. Baba mdogo alinipa pole kama alivyowapa wengine wote. Laiti angenitukana.

Miaka ilipita na mama hakuwahi kunisema, si kwa hasira wala kwa mzaha. Maharage akawa anauzia upande wetu. Hati ilipoisha muda wake niliiona sandukuni nilipokuwa nampangia nguo, nikamwambia nitamshughulikia nyingine, safari hii nitahangaika mwenyewe, yeye asimame tu apigwe picha. Nilitaka sana akubali.

Mama, tangu nipate akili, hakuwahi kuutaja upande ule kwa jina la nchi. Akitoka na beseni alisema anakwenda kwa mdogo wake, basi. Siku ile aliipokea ile hati kuukuu mkononi mwangu, akaitazama picha yake isiyotabasamu, akanirudishia.

"Ya nini, mwanangu," akasema. "Kule sasa ni Zambia."