Mume Wangu na Kiboksi cha Mbele ya Goli

Mume wangu Ahmada ni dereva wa basi namba hamsini, linalotoka katikati ya Birmingham, likapita Digbeth, likaenda Kings Heath na kuendelea. Hiyo ndiyo kazi yake ya siku zote. Jumapili yake ni nyingine. Huvaa koti jeupe linalomfika magotini, akachukua bendera mbili, moja nyeupe na moja ya kijani, akaenda kusimama kando ya goli kwenye uwanja wa mpira wa Waayalandi nje ya mji, mvua inyeshe, jua liwake.

Mwaka wa kwanza, majirani zetu walipomuona akitoka na koti lile walidhani amepata udaktari kwenye ile hospitali kubwa karibu na Harborne. Bi Mwanakhamis, mama wa Kizanzibari anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, alimsimamisha barabarani akamwonesha goti. Ahmada hajui kumkatalia mtu. Akalitazama lile goti kwa heshima zote, akamwambia apunguze kupanda ngazi. Na goti likapoa. Tangu hapo nina kazi mbili kila wiki: kulifua koti, na kuwaeleza watu kwamba mume wangu si daktari.

Aliyemtia katika mambo haya ni Fintan, fundi wa mabasi pale gereji, mtu wa Mayo huko Ayalandi, mfupi, mwenye mikono ya grisi na moyo mzuri. Mwaka 2000 klabu yao ya mpira ilikuwa na shida ya waamuzi wa goli. Waayalandi wa Birmingham ni kama sisi Wazanzibari wa Birmingham, ukimvuta mmoja wanakuja kumi. Kila anayewekwa kwenye goli ana binamu katika timu hii au shemeji katika timu ile, basi akisema goli, watu wanaguna. Fintan akamtazama mwenzake anayekunywa chai kwenye chumba cha madereva, mzaliwa wa Malindi ya Unguja, asiye na shangazi upande wowote, tena asiyegusa pombe. Akamwambia kuna kazi ya Jumapili isiyo na mshahara. Ahmada akasema sawa kabla hajauliza ni kazi gani.

Wakampenda. Walimnunulia birika lake mwenyewe, wakaandika jina lake kwa rangi nyekundu, ingawa waliliandika vibaya. Pakitokea ubishi uwanjani, mtu akisema "Ahmada amesema", basi, yamekwisha. Mimi nyumbani Ahmada akisema hakuna kinachokwisha, lakini huko alikuwa mtu mkubwa, na mimi nilimfurahia.

Mchezo wenyewe alinieleza baadaye sana, mwaka 2003, kwa kupanga biskuti kwenye sinia. Watu kumi na tano kila upande. Mpira unashikwa kwa mkono, unapigwa kwa ngumi au kwa mguu. Milingoti ya goli ni mirefu kwenda juu. Mpira ukipita juu ya mwamba ni pointi moja, bendera nyeupe inapepea. Ukiingia chini, wavuni, ni goli, na goli ni pointi tatu, inapepea ya kijani. Halafu mbele ya goli wamechora kiboksi kidogo. Mshambuliaji haruhusiwi kukanyaga ndani ya kiboksi hicho mpaka mpira uingie kwanza. Akitangulia yeye, goli si goli. Nikamwambia hiyo ni sheria nzuri, na mimi nina yangu ya jikoni kama hiyo, mtu asiingie kabla chakula hakijaiva. Hakucheka. Nilipaswa kujua hapo kwamba kuna jambo.

Maana kuanzia vuli ya mwaka 2003 Ahmada aliingiwa na kichaa cha sheria ile. Alitaka ibadilishwe. Akila, anazungumza kiboksi. Akipunguza ndevu, kiboksi. Alisema mpira unatoka juu angani na mguu uko chini kwenye mstari, na Mwenyezi Mungu amempa mwanadamu macho mawili yanayotazama mahali pamoja. Mwamuzi atatazama kipi? Alitaka mshambuliaji aruhusiwe kusimama popote mpira ukiwa mchezoni, na sheria ya zamani ibaki kwa mipira ya adhabu tu, ambapo wote wametulia na mtu anaweza kuona. Aliandika hoja yake mara saba. Binti yetu, ambaye tukimsemesha Kiswahili anajibu Kiingereza, alimwambia, "Baba, it's only a game." Ahmada akanuna siku mbili.

Hoja ilipangwa kujadiliwa kwenye mkutano wa mwaka wa klabu, Disemba 2007. Ikipita hapo ingepelekwa ngazi za juu, hadi Dublin wanakoamua wakubwa. Na mwenyekiti wa mkutano alikuwa Fintan, ambaye hakutaka sheria yoyote iguswe. Fintan alisema mchezo hauna kasoro, kasoro wanayo watu.

Jumamosi kabla ya mkutano nilikuwa nakaanga sambusa za kupeleka huko, Ahmada amekaa mezani anaisoma hoja yake kwa sauti mara ya nane. Mafuta yamenirukia mkononi, nimechoka. Nikamuuliza kwa ukali hasa hiyo sheria imemkosea nini yeye, mtu wa Unguja, mpaka ainyime nyumba yake amani miaka minne.

Akaiweka karatasi chini. Akanieleza fainali ya 2003, ambayo mimi nilikuwa najua matokeo yake tu.

Mwamuzi wa mlingoti wa pili aliharibikiwa na gari njiani, na timu zote mbili zikakubali Fintan asimame badala yake, ingawa mwanawe Declan alikuwa anacheza. Walikubali kwa sababu kwenye mlingoti wa kwanza yupo Ahmada. Dakika ya mwisho, timu ya klabu ya Fintan iko nyuma kwa pointi mbili. Mpira ukapigwa juu sana, Declan akaruka katikati ya watu, akaupiga ngumi, wavuni. Wangeshinda kwa pointi moja, na klabu ile haijawahi kushika kombe. Wapinzani wakapiga kelele kwamba Declan alitangulia kwenye kiboksi. Refa akaja kuwauliza waamuzi wa goli. Fintan akasema, mimi ni baba yake, muulize Ahmada.

"Ukasemaje?" nikamuuliza.

"Nikasema alikuwa ndani."

"Na alikuwa ndani?"

"Sikuona, Rehana. Nilikuwa natazama mpira. Nikafikiri, nikisema ni goli watasema nimempendelea mtoto wa rafiki yangu. Basi nikasema alikuwa ndani."

Goli likakataliwa. Declan, kijana wa miaka kumi na tisa, aliapa kwamba alikuwa nje ya mstari, akaambiwa anyamaze, Ahmada amesema. Akaendelea kuapa, wakamwita mwongo, kisha wakampa jina, Bwana Ndani. Miaka minne anaitwa hivyo, hata na watoto wa wenzake.

Mimi ulimi wangu hauna breki. Nikamwambia, "Kumbe hutaki kuubadilisha mchezo. Wewe unataka sheria ibebe kosa lako."

Akainuka, akaenda kukaa na koti lake chumbani. Nilipotulia nilijuta, si kwa sababu nilisema uongo, bali kwa sababu nilijua mtu huyu atafanya nini. Na nilijua gharama yake. Sisi huku ugenini, mtu anaweza kuendesha basi miaka ishirini asijulikane jina na abiria hata mmoja. Ahmada alikuwa na mahali pamoja tu katika mji huu ambapo neno lake lilikuwa na uzito, na lilikuwa na uzito kwa kuwa watu waliamini kwamba macho yake hayadanganyi.

Usiku ule nililifua koti, na asubuhi nikalipiga pasi. Aliniomba nilikunje vizuri nilitie kwenye mfuko wa kubebea. Nikakunja, roho inaniuma.

Mkutano ulikuwa kwenye ukumbi nyuma ya kanisa, Digbeth. Watu kama arobaini, viti vya plastiki, birika la Ahmada limeshachemka. Nilikaa mstari wa mbele na sambusa zangu mapajani. Walijadili mabomba ya maji na jezi mpya, kisha Fintan, kwa sauti ya mtu anayekwenda kung'olewa jino, akaitangaza hoja ya Ahmada. Mzee mmoja akasimama akasema sheria ikiondolewa washambuliaji watapiga kambi mbele ya kipa, maskini hataliona jua. Mwingine akasema mchezo umejaa pasi za mikono, hicho ndicho cha kurekebisha. Fintan mwenyewe akawakumbusha mwaka 2005, wakubwa wa Dublin walipojaribu kumtoa mchezaji mkorofi kwa dakika kumi kisha arudi, na hazikupita wiki nyingi jambo lenyewe likaachwa. Kila wanachobadilisha, alisema, wanakirudisha. Watu wakapiga makofi.

Ahmada akasimama. Karatasi yake ya miaka minne hakuifungua.

Alisema kwa Kiingereza chake cha polepole, ambacho wale wote wamekizoea. Akawaambia kwamba mwaka 2003 alisema Declan alikuwa ndani, na kwamba hakuona. Akaeleza alichokuwa anatazama na alichokuwa anaogopa. "Sheria ile ni mbaya, bado nasema ni mbaya, inamuuliza mtu asichoweza kuona," alisema. "Lakini sheria haikunituma niseme uongo. Declan hakuwa mwongo. Mwongo nilikuwa mimi." Akalitoa koti kwenye ule mfuko, akaliweka mbele ya Fintan, juu ya meza.

Nikasikia birika linavyopumua. Nilitaka kusimama nimshike mkono, lakini sambusa zilikuwa mapajani. Nilimpenda mume wangu dakika ile kuliko siku ya harusi, na nilikuwa na hofu pia, nasema kweli.

Fintan alilitazama koti. Akavua miwani, akaifuta na tai.

"Mimi niliona," akasema. "Sikuwa natazama mpira. Mwanangu anaruka, nitazame mpira? Nilitazama miguu yake. Alikuwa nje."

Mtu mmoja akamuuliza kwa nini hakusema. Fintan akajibu kwamba hakuna ambaye angemwamini baba, na kwamba Ahmada alikuwa ameshasema. Kisha akaongeza, sauti imepungua, "Hata Declan mwenyewe sikumwambia. Ningemwambia yeye, ningelazimika kuwaambia na nyinyi."

Hapo ndipo watu walipogeuka nyuma. Declan alikuwa amesimama karibu na mlango, mikono mifukoni, mwanamume mzima sasa wa miaka ishirini na mitatu. Uso wake ulikuwa mwekundu mpaka masikioni. Alikuja mbele taratibu, na mimi nikajiambia, leo Ahmada anapigwa. Alipofika mezani alimtazama baba yake kwanza, muda mrefu, akamwekea mkono begani. Halafu akalichukua koti, akalikung'uta likakunjuka lote, kazi yangu ya asubuhi nzima, akampa Ahmada.

"Tunaanza Machi," akamwambia. "Usichelewe."

Wakapiga kura. Mikono ishirini na sita ilikubali hoja, kumi na mmoja ilikataa. Wa kwanza kunyanyuka kukubali ulikuwa wa Fintan. Sambusa hazikubaki hata moja, na yule mzee wa kipa aliniomba nimwandikie zinavyopikwa.

Hoja ikapelekwa juu, na huko juu ikapotea. Hatujasikia lolote. Mpaka leo ninapoandika, mwaka 2009, kiboksi kiko palepale na sheria yake ileile. Ahmada bado anasema siku moja wataibadilisha, na mimi siku hizi namsikiliza mpaka mwisho, mara nyingine.

Lakini niwaambie la Machi ile. Nilikwenda uwanjani kwa mara ya kwanza, na viatu vyangu vya kazini, upumbavu wangu mwenyewe. Nilikaa na Fintan kwenye benchi, chupa ya chai kati yetu. Kipindi cha pili mpira ukapigwa juu, Declan akaruka, akaupiga ngumi wavuni. Kelele zilezile. Refa, kijana mgeni, akamwendea Ahmada kumuuliza. Tulimuona Ahmada akitikisa kichwa. Hakuona, na alisema hivyo mbele ya watu wote, koti jeupe kifuani limetulia. Mwenzake wa mlingoti wa pili naye akainua mabega.

Refa akasimama pale hajui la kufanya. Mwisho akafanya jambo ambalo Fintan aliniambia halimo katika kitabu chochote cha sheria. Akamgeukia Declan, akamuuliza yeye mwenyewe.

Declan aliitazama miguu yake, akasema alikuwa ndani.

Goli likakataliwa. Fintan aliacha kutafuna biskuti yake. Mwanawe amenyimwa goli kwa kinywa chake mwenyewe, na yeye baba mtu anapiga makofi peke yake uwanja mzima, machozi yanamtoka. Nikaiweka chupa ya chai kwenye tope, na mimi nikapiga.