Shavu la Kushoto

Wateja walimwita Mama Kioo. Jina hilo lilitokana na kazi. Katika duka lile la vipodozi alikuwa na kioo cha mkono ambacho mpini wake aliuzungushia plasta, na hakuna mteja aliyetoka bila kushikishwa, ajitazame, aone mwenyewe kama rangi ya mdomo imemkaa au haijamkaa. Ikiwa haijamkaa, Mama Kioo alimwambia haijamkaa, rudisha. Watu wanadai wanapenda kusifiwa, lakini walirudi kwake kwa sababu hiyo. Wapo walioanza kununua kwake wakiwa mabinti, wakaja kuleta mabinti zao, na wote walimmwagia siri za nyumbani huku wakijaribu poda.

Mwenye duka alipofariki, duka likaenda kwa mwanawe, kijana nadhifu mwenye viatu vya kung'aa na maneno ya kung'aa zaidi. Kila mtu alimwita Bosi, maana ndivyo alivyojiita mwenyewe kwenye simu. Bosi hakuwa na papara. Alikaa kwanza akatazama, na jioni moja baada ya kushusha mlango wa duka akamwita Mama Kioo pembeni.

"Mama, wewe kwangu ni mzazi," alianza, na mtu akianza hivyo ujue kuna jambo. "Lakini hebu fikiria. Mteja anaingia anataka krimu ya makunyanzi, halafu anayemuuzia ni... si unaelewa mwenyewe. Nimeona uhamie ghala. Kule utakaa kwenye kiti, upumzike."

Ghala lilikuwa chumba cha nyuma kisicho na dirisha, kimejaa maboksi mpaka darini. Kazi ya maboksi haikumtisha. Kilichomtisha ni ukimya. Mumewe alikuwa amekwenda zake zamani, na binti yake, mshonaji katika kiwanda cha nguo, alirudi nyumbani amechoka hivi kwamba hata salamu aliimeza nusu. Maneno yote aliyosema na kuambiwa Mama Kioo kwa siku nzima yalikuwa ya pale kaunta. Kumpeleka ghala ilikuwa ni kumzika akiwa anapumua, na yeye alilijua hilo kabla Bosi hajamaliza sentensi yake.

"Ile krimu ya kopo la kijani," akasema haraka. "Ile ya bei nafuu inayokusanya vumbi kwenye rafu. Niache niipake upande mmoja wa uso. Mmoja tu. Wateja watazame wenyewe."

Bosi akacheka, kisha akaacha kucheka. "Upande upi?"

"Wa kulia. Wa kushoto unabaki kama ulivyo."

Basi ndivyo alivyoanza. Kila asubuhi na kila jioni alinawa, akachota krimu kwa ncha ya kidole, akaipaka kuanzia kona ya jicho la kulia mpaka chini ya taya, na alipofika katikati ya pua alisimama kama mtu aliyefika kwenye mpaka wa shamba la jirani. Siku za mwanzo hakuna lililotokea ila kuwashwa kidogo. Baadaye ngozi ikaanza kulainika. Vile vikunyanzi vyembamba vya pembeni mwa jicho vikatulia. Mikunjo mirefu ya kando ya mdomo haikutikisika hata kidogo, lakini hiyo alikuwa ameipata kwa kazi ngumu, na hakutegemea kopo la kijani liishinde.

Mteja akiingia, Mama Kioo alimvuta mpaka mlangoni penye mwanga wa mchana. "Nitazame vizuri, mwanangu. Upande gani nimepaka?" Wengi walionyesha kulia. Waliokosea aliwaambia wamekosea, na hakuwabembeleza. Na kila aliyetoa pesa aliambiwa maneno yaleyale: "Haifuti. Inalainisha tu. Na ukiacha kupaka, makunyanzi yanarudi."

"Mama, unauza au unatoa ushahidi mahakamani?" Bosi alimuuliza. Lakini hakumzuia, maana kopo la kijani lilikuwa linatoka kama mkate wa moto, na habari za ghala hazikutajwa tena.

Tatizo lilikuwa nyumbani. Shavu la kulia lilikuwa limemwonjesha ujana. Akiwa peke yake alikuwa akiligusa kwa mgongo wa mkono, na moyo ukamwenda mbio kwa aibu, mtu mzima kama yeye. Kisha aligusa la kushoto na furaha ikamwisha.

"Mama, si upake na huku?" binti yake akamwambia asubuhi moja. "Nani atajua?"

"Wateja watajua. Nitawaonyesha nini?"

"Uso ni wako au wa duka?"

Mama Kioo alifunga kopo, akaenda kazini. Wiki ile dada yake mkubwa aliwakusanya ndugu wote kwa mpiga picha, na wenzake walijipaka, wakajikwatua, wakatokea kama wageni rasmi. Yeye alikwenda na shavu lake la kushoto kavu vilevile. Alipoambiwa ageuke kidogo ili mwanga umfae, aligeuka, na dada yake akamnong'oneza, "Unauza krimu na wewe ndiye mzee kuliko sisi wote." Wote walicheka. Yeye pia alicheka, na ilimuuma, ilimuuma kweli.

Halafu Bosi akaja na wazo lake. Alileta mtu mwenye kamera, akamkalisha Mama Kioo juu ya stuli, akamwambia asitabasamu upande wa kushoto. Jamani, mtu anatabasamu vipi upande mmoja? Alijaribu. Alijaribu kwa moyo wote, kwa sababu aliamini kwamba mtu anayetundikwa ukutani hawezi kuhamishwa.

Picha ilikuja kubwa kama mlango, ikatundikwa palepale mlangoni. Uso umepasuliwa katikati kwa mstari mweupe. Kushoto pameandikwa KABLA, nao wamepatia giza na mifereji ambayo hata marehemu mama yake hakuwahi kuwa nayo. Kulia pameandikwa BAADA, pamesuguliwa mpaka hata yeye mwenyewe alimtafuta huyo mwanamke asimwone. Chini yake kwa herufi nyekundu: HUFUTA MAKUNYANZI YOTE.

"Mimi nilisema inalainisha," Mama Kioo akasema. "Hapa mmeandika inafuta. Na ni kwenye uso wangu."

"Mama, karatasi ilikuwa haina nafasi," Bosi akajibu. Halafu akamshika bega kwa upole. "Sasa sikiliza. Picha inafanya kazi yote. Anayeingia ameshaamua kabla hajafika kaunta. Wewe umechoka, umetufanyia makubwa. Kuanzia kesho shemeji yangu atakaa hapa mbele, wewe ghala."

Hayo ndiyo mafuta ya mgongo wa chupa, na alipakwa mchana kweupe. Alitaka kutukana. Alitaka kuichana ile picha kuanzia utosini. Badala yake alisema, "Sawa, baba," na sauti yake ilimchukiza kuliko ya Bosi.

Ghalani sasa alikuwa huru kupaka popote. Kopo la kijani lilikuwa limemzunguka pande zote kwa maboksi. Hakupaka kushoto, na kulia akaacha. Kama alivyokuwa akiwaambia watu, yalirudi, taratibu, yakakaa palepale yalipokuwa, mpaka mashavu yake mawili yakawa ndugu tena.

Siku moja Bosi hayupo, shemeji akaita kutoka mbele aletewe boksi jingine. Mama Kioo akalibeba mwenyewe. Alipolifikisha hakulitua mara moja. Alisimama mlangoni kuvuta hewa, macho barabarani, boksi kifuani, mgongo kwenye ukuta wa ile picha. Mwanamke mmoja aliyevaa vizuri alikuwa amesimama kando, ameinamisha shingo, anaitazama picha.

"Huyu mama ni mtu kweli?" akamuuliza shemeji.

"Wala sijui, dada. Nafikiri ni mambo ya kompyuta."

Mama Kioo aligeuka. Mwanamke yule alikuwa amewahi kununua kwake, si mara moja; kile kioo amekishika, na habari za mumewe aliyemkimbia amezisimulia pale kaunta huku machozi yakimharibia wanja. Mama Kioo alimtazama usoni, akangoja. Akajikuta amenyanyua kidevu kidogo, kuelekea penye mwanga.

"Samahani, mama," mwanamke akasema. "Sogea kidogo, unaniziba picha."

Akasogea.